Watafute Walioacha

Ibaba, Ileje
Mkoa wa Songwe

Mwanangu mpendwa,

Maharage tumevuna, na baba yako anaendelea vizuri na mguu wake. Nimesikia kwamba mwenye gari amekunyang'anya funguo. Sikuandikii kukulaumu; hiyo kazi wameshaifanya wengine.

Nakuandikia kwa sababu kwenye matanga ya bibi yako nilikuona ukipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagikia kwenye kisosi. Ilikuwa asubuhi, hujagusa kitu. Watu walidhani ni huzuni. Mimi nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, mtetemeko ule naujua: ni mwili uliozoea pombe unaidai. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata mara moja, anaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili, au siku ya tatu akaweweseka na kuona visivyokuwepo. Wengine hufa. Nenda hospitali, umwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Lakini dawa hizo ni za siku chache. Kuhusu siku zinazofuata, umeshaapa mbele ya wazee wa kanisa, umeshafungiwa kwa mjomba wako Itumba, na kila mara ulikuwa unasema kweli. Mimi shida naiona hapa: sisi sote tuliokuzunguka hatujawahi kuwa walevi. Tunakukemea au tunakuonea huruma, na yote mawili unayapokea umeinamisha kichwa. Hujawahi kukaa na mtu aliyekuwa kama wewe, akaacha.

Ngoja nikusimulie walioanza kukaa hivyo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Dili lililompeleka huko liliharibika, na hoteli aliyofikia ilikuwa na baa. Akampigia simu mchungaji, si kuombewa, bali kuomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikuwa amepanga kumpa robo saa tu. Walizungumza mpaka usiku. Tarehe 10 Juni mwaka huo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, au AA. Leo makundi yake yapo hata Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2020 watafiti walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa, njia hii inafikia tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi inazipita.

Najua unachoogopa. Hapo Tunduma maneno huvuka mpaka hadi Nakonde kabla jua halijazama. Kwenye vikao vya AA unataja jina moja tu, au usitaje kabisa. Hakuna ada, na yanayosemwa hapo yanabaki hapo. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha, basi. Mmoja anasema "mimi ni mlevi", anaeleza yaliyompata, hakatizwi wala hahubiriwi. Akimaliza wanamshukuru, anafuata mwingine. Ukiona haya, sikiliza tu. Baadaye unachagua mlezi, mtu aliyeacha kitambo, wa kumpigia hata saa nane za usiku kiu ikikubana. Ukiteleza ukanywa, hufukuzwi. Kikao kinachofuata unarudi na kukaa. Mungu wanamtaja, kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu, hivyo dereva Mwislamu anakaa pale sawa na Mmoraviani.

Ukiwa hospitali, ulizia kitengo cha afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Hao huenda wanajua nani ameacha na nani anakutana na nani. Wakikuelekeza Mbeya, usione ni mbali. Makundi mengine hukutana kwa simu. Na likikosekana la karibu, anzisheni: taratibu za AA zenyewe zinasema wawili au watatu wanatosha. Yule seremala wa hapa Ibaba, uliyekuwa ukimpita amelala kando ya njia, ana miaka sasa hajaonja. Nimeongea naye. Amesema uje wakati wowote, na nadhani na yeye anamhitaji mwenzake.

Upande wetu, pombe ya komoni haitapikwa tena kwenye ua huu. Mama yako mdogo ameridhia, ingawa ndiyo iliyosomesha watoto wake; usije ukamdharau kwa hilo, wala wajane wengine wanaoipika. Tutamchangia mtaji wa maandazi.

Jumapili nitakutumia nauli kwenye simu. Jumatatu asubuhi nenda hospitali kama ulivyo, hata kama unanuka pombe. Ukitoka kwa daktari, nipigie kabla hujapanda bodaboda.

Ni mimi, shangazi yako.