Kipepeo wa Amani Hana Sauti

Ukijaliwa siku mbili za mapumziko, panda gari Muheza uelekee Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwendo ni wa kilometa zipatazo 30 tu, lakini barabara ni ya kona na vumbi, na masika ni tope tupu. Usiende na haraka. Utapita Zigi, kisha utapanda hadi pale Wajerumani walipojenga kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, ambapo tangu mwaka 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Lala huko, nawe uamke kabla hapajapambazuka. Usiwashe taa, keti barazani usikilize. Vyura ndio wanaomaliza zamu ya usiku. Kisha mbega huanza kunguruma, kundi moja likijibiwa na jingine ng'ambo ya bonde. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mabawa, na jua likipanda nyenje huuteka msitu mzima. Katika sherehe yote hiyo, kipepeo hasikiki.

Hapo utaniuliza: basi kinasa sauti kitamfaa nini? Swali ni la haki. Kwanza, ububu wake si kamili: wapo viwavi wa vipepeo wadogo ambao hutoa mitetemo inayowavuta sisimizi waje kuwalinda. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kiwavi hula majani ya mimea michache tu aliyoizoea. Mti wake ukikatwa, ukoo wake hukosa chakula. Kipepeo hasikiki, lakini mkata mti husikika. Miaka ya 2010, katika misitu ya Sumatra, Indonesia, simu kuukuu zilifungwa mitini zikawa zinapeleka mlio wa msumeno wa injini kwa walinzi papo hapo.

Wanavijiji wa Amani wanao ushahidi wao wenyewe wa thamani ya msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, walianza kufuga vipepeo katika vibanda vya wavu. Majike hutaga juu ya majani, viwavi hulishwa, na wakishajifungia katika maganda yao, yaani wakiwa pupa, walisafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Fedha hizo zilitoka msituni bila shoka. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, biashara ikakwama. Pupa hangoji kibali. Siku zake zikitimia hupasua ganda akaruka.

Sauti haihitaji kibali cha mnyama hai. Tangu mwaka 2014 kundi la Soundcamp la London hukusanya kila mwaka sauti za alfajiri kutoka pande nyingi za dunia na kuzirusha moja kwa moja kwa muda wa saa 24. Kwa maoni yangu, alfajiri ya Amani inastahili kusikilizwa hivyo, na msikilizaji aombwe mchango wa kutunza miti ya vipepeo na wafugaji wao.

Ukienda, chukua kinasa sauti chako. Omba kiongozi wa hifadhi akuonyeshe pa kuketi, zima muziki wa gari, na usiwachezee ndege sauti zao wenyewe ili kuwavuta; huwasumbua bure wakati wa kutaga.