Kutia Matiko Mabamba: Kumbukumbu ya Joto na Maji

Historia ya ufundi wa chuma husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni safari ya moto kuzidi ukali: zamani makaa na mivukuto, leo gesi na umeme. Kwa upande wa kutia matiko mabamba ya chuma, simulizi hiyo haisimami. Joto halikuwahi kuadimika. Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 kwamba wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walipata chuma chenye kaboni kutoka matanuri ya udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kuyeyusha madini kunadai moto mkali kuliko kutia matiko. Bamba la kawaida linataka nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ambazo mhunzi mwenye makaa mazuri na mivukuto mizima anazifikia bila shida. Kilichobadilika ni uwezo wa kulipima joto hilo na kuliondoa kwa utaratibu. Kwa hiyo mnunuzi wa tanuri anayeanza kwa kuuliza linafika nyuzi ngapi, naona ameanza na swali jepesi kuliko yote.

Ushahidi mzuri unatoka kwenye manowari za miaka ya 1890. Mmarekani Hayward Augustus Harvey alichukua bamba la chuma chenye nikeli, akaufunika uso wake mmoja kwa makaa, akaliweka motoni kwa wiki mbili hadi tatu ili kaboni ipenye, kisha likazimwa. Uso ukawa mgumu wa kuvunja kombora, mgongo ukabaki na unyumbufu wa kulihimili pigo. Muda si mrefu kiwanda cha Krupp, Ujerumani, kikamshinda kwa bamba la nikeli na kromi. Gesi yenye kaboni ikashika nafasi ya makaa, na hatua ya mwisho ikawa kuupasha uso zaidi huku mgongo ukizuiwa usifike joto ambalo chuma hugeuka umbile la ndani, ndipo maji yakamwagwa. Hapo hakuna moto mkubwa zaidi. Kuna moto uliogawanywa kwa makusudi ndani ya bamba moja, jambo gumu mno kwa mtu asiyejua joto liko wapi na ni kiasi gani.

Kujua huko kulikuwa kugeni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mfaransa Henry Le Chatelier alitengeneza themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili) ya kuaminika kwa waya wa platini na waya wa platini iliyochanganywa na rodi, na mwenzake Floris Osmond akaitumia kuona ni katika nyuzi zipi chuma hubadilika umbile la ndani. Kabla ya hapo lilikuwepo jicho: nyekundu iliyokolea, kisha rangi ya chungwa, na kadhalika. Wapo watakaosema jicho la mhunzi mzoefu halikosei, na sitawabeza. Mhunzi wa Gikomba, Nairobi, anayegeuza springi ya gari kuwa patasi anafanya kazi yake vizuri kwa jicho, na anaweza hata kutumia sumaku, maana chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika nyuzi 770. Lakini patasi anaizungusha mkononi pande zote. Bamba la mita 12 kwa 3 lina kona zinazopoa kabla ya kitovu, na jicho huona ngozi tu. Tena rangi ileile huonekana hafifu juani na kali gizani.

Gharama ya kutojali umbile la ndani ilidhihirika Januari 1943, pale meli ya mafuta Schenectady ilipopasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, katika maji shwari. Meli kadhaa za mizigo za aina ya Liberty nazo zilipata nyufa za namna hiyo. Wengi waliilaumu kazi ya kulehemu. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe, kikipoa chini ya kiwango fulani, huacha kunyumbuka na kukatika kama kioo. Baada ya vita, mabamba mazito ya meli yakazidi kupashwa hadi nyuzi 900 na kuachwa yapoe hewani, ili chembe zake ziwe ndogo na ufa ukose njia nyepesi.

Leo bamba gumu la kasha la lori la mgodini hupita juu ya roli ndani ya tanuri refu. Gesi huungua ndani ya mabomba yaliyofungwa na chumba hujazwa nitrojeni, kwa sababu moto wa wazi hula kaboni ya uso na kuacha magamba yanayoyazuia maji. Likitoka hubanwa kati ya roli huku maji yakirushwa juu na chini kwa pamoja. Ukilitumbukiza bamba jembamba kwenye tangi litajikunja, na hakuna tanuri la bei yoyote litakalolinyoosha. Baada ya hapo hupashwa tena kwa joto dogo ili lisivunjike ovyo. Hatua hii wanunuzi wengi huidharau. Katika nyuzi 200 au 300 mnururisho wa joto ni dhaifu, na kinachosambaza joto ni hewa inayosukumwa na feni. Tanuri zuri la nyuzi 900 lisilo na feni ni tanuri baya la kazi hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Japani. Huko, tangu mwaka 1980, kiwanda cha Fukuyama kimekuwa kikilipoza bamba kwa maji mara tu linapotoka kwenye mashine ya kulibana, bila kulirudisha tanurini. Je, tanuri limepitwa na wakati? Kwa mabamba mengi ya meli na mabomba, ndiyo, na huo ni ushindi mwingine wa maji juu ya moto. Lakini bamba la namna hiyo likipashwa upya ili likunjwe kuwa kichwa cha tangi, hupoteza sifa zake, na mabamba mazito sana hayapoi upesi kiini chake. Wengine watataja umeme: kwetu ni ghali na hukatika. Ni kweli, na Dar es Salaam, ambako gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika tangu 2004, ningechagua gesi. Hata hivyo kuni, gesi au umeme ni suala la gharama ya kuendesha. Halihusu ubora wa bamba.

Basi ndugu mnunuzi, kabla ya kuuliza nyuzi, mtake muuzaji akuonyeshe vipimo vya themokapo zilizofungwa kwenye kona zote na katikati ya chumba, kisha mwulize ni sekunde ngapi zinapita tangu mlango ufunguke hadi bamba liguswe na maji. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.