Mifuniko ya Mtaro

Nilipokuwa kwenye kamati ya mtaa wetu hapa Tandale, tulichangishana tukafunika mtaro kwa mifuniko ya chuma. Nilipita nyumba hadi nyumba na daftari, na kazi ilipokwisha nilisimama pale jioni nzima nikitazama watoto wakirukaruka juu yake. Haukupita mwezi, mifuniko minne ikawa haipo.

Sikuuliza. Nilisema ni mateja, nikasema kikaoni kwa sauti ambayo leo sipendi kuikumbuka. Tukawatimua kwenye pagale walilofanya maskani, tukaona mtaa umesafishika. Kumbe walihamia nyuma ya soko tu. Mmoja wao nilimjua tangu anavaa kaptula ya shule. Mama yake ndiye aliyetangulia kuandikisha mchango kwenye daftari langu.

Miaka ikapita, kijana huyo akanijia mwenyewe. "Shikamoo mzee. Mfuniko mmoja nilibeba mimi. Arosto ikikushika hukumbuki nani kachanga." Nikamuuliza aliuza wapi. Akamtaja mnunuzi wa vyuma chakavu tuliyekuwa tukimketisha mbele kwenye vikao, kwa kuwa mchango wake ulitupita wote. Nilikosa la kujibu. Chuma kilinunuliwa mchana kweupe, na kete za unga nazo zilikuwa na wenyewe wasiolala kwenye pagale, ila mimi nilimtafuta mkosaji pale palipokuwa rahisi kufika.

Sisemi hawakutuumiza. Mtoto alitumbukia mtaroni akavunjika mkono, na fundi cherehani aliyepanga kibanda jirani na pagale alichoka kuibiwa, akahama. Hayo nayo ni kweli, na bado sijui niyaweke wapi. Lakini kamati yetu ilijua bei ya saruji, ya nondo, ya taa. Hakuna aliyejua kwamba Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu Februari 2011, na baadaye Mwananyamala, mahali pa kwenda kwa miguu.

Siku hizi kijana yule huamka alfajiri kwenda kunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kila siku, hata sikukuu. Mara nyingine hupotea wiki nzima, kisha hurejea. Nimeacha kumuuliza ataacha lini.

Akipita hunisalimia, nami huitika kwa moyo. Akishapinda kona, bado hujikuta natupa jicho mtaroni, nahesabu mifuniko.