"Sure" si hakika

Tangu mwaka wa kwanza nilidhani neno "sure" nalijua. Kwa sisi tunaojifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, neno hilo linaingia kama mtu wa nyumbani: "sure" ni "sûr", na "sûr" ni hakika. Undugu wenyewe ni wa kweli. Yote mawili yametoka katika Kilatini "securus", yaani asiye na wasiwasi. Kiingereza kilipata "sure" kutoka Kifaransa cha kale, kisha baadaye kikachukua tena neno lile lile katika Kilatini, likawa "secure". Lakini ndugu waliolelewa katika nyumba mbalimbali hawana tabia moja. Hilo nililijua nje ya darasa.

Wakati wa likizo nilipata kazi ya siku chache ya kumtafsiria mgeni mmoja aliyetembelea kambi ya wakimbizi wa vita karibu na Goma. Mama mmoja alimwonyesha kibanda chake kinachovuja, akauliza kama kweli atarudi siku ya Alhamisi na plastiki ya kukifunika. Mgeni alikuwa anaandika katika daftari. Bila kuinua kichwa akajibu: "Sure." Nami nikamgeukia mama: "Hakika, atarudi."

Hakurudi. Juma lililofuata nilipita pale kwa shughuli nyingine, nikamkuta yule mama. Alhamisi na Ijumaa hakwenda sokoni kubeba mizigo, kwa sababu alikuwa anangojea; na siku asipobeba, watoto hawali. Nikajitetea: "Mama, mimi nilitafsiri tu." Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, yule mzungu mimi sikumsikia. Nilikusikia wewe."

Nilirudi kwenye kamusi na aibu. Pale niliona kwamba "sure", likisimama peke yake kama jibu, mara nyingi halisemi lolote juu ya hakika. Mtu akiombwa kalamu hujibu "sure"; akiulizwa kama anataka chai hujibu "sure". Ni adabu ya kukubali, karibu na "sawa" yetu. Uzito wake unategemea sentensi inayolizunguka. "Make sure" si hakika uliyo nayo, ni kazi unayopewa: uhakikishe. "To be sure" mwanzoni mwa sentensi humkubalia mpinzani kidogo, kabla ya "lakini" kufika. Tena angalia hizi mbili: "He is sure of winning" na "He is sure to win". Katika ya kwanza, mwenye hakika ni yule anayeshindana. Katika ya pili, mwenye hakika ni mimi ninayesema. Yeye mwenyewe pengine anatetemeka. Wangapi kati yetu tumezitafsiri kwa namna moja katika mtihani?

Hata "I am sure" ina siri yake. Nikimwona mwenzangu mlangoni, nitasema tu: "Amefika." Nitasema "I am sure he will come" wakati sijamwona bado. Neno la hakika linaitwa pale ambapo ujuzi umepunguka. Ndiyo maana maneno haya huchakaa. Kifaransa "sans doute" kimekwisha kuwa "labda", mpaka anayetaka kusema bila shaka kabisa aongeze "aucun". "Sûrement" nayo imelegea vilevile, nasi tunaibeba hivyo hivyo na kuandika "surely", ambalo kwa Waingereza mara nyingi ni neno la mtu anayetaka akubaliwe: "Surely you know him", yaani, usiniambie kwamba humjui.

"Hakika" ya Kiswahili haijachakaa hivyo. Ilitoka katika Kiarabu, katika mzizi mmoja na "haki". Mama yule aliposikia "hakika", alisikia ahadi ambayo angeweza kuidai.

Tunafundishwa kwamba mkalimani haongezi neno lake. Nakubali. Lakini siku ile niliongeza, tena nikidhani nimekuwa mwaminifu. Mgeni alitoa "sawa" ya haraka, mimi nikaifanya kiapo. Ningesema "Amekubali", mama angejua kwamba amejibiwa na mtu aliyekubali tu, na pengine Alhamisi angekwenda sokoni.

Kulikuwa na njia nyingine pia, nayo haikuhitaji kamusi. Kabla ya kumgeukia mama, ningemgeukia mgeni na kumwuliza: "Are you sure?" Neno lile lile, likifanywa swali, lingemlazimisha kuinua kichwa kutoka kwenye daftari.