Kulungu Aliyekaa Kando Kidogo

Kuna makala ya ufundi ninayoirudia kuliko hadithi fupi nyingi. Iliandikwa mwaka 2001 na Paul Bettner na Mark Terrano, inaitwa “1500 Archers on a 28.8”. Inaeleza jinsi gemu la Age of Empires lilivyochezwa na watu hadi wanane kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Wapiga mishale 1,500 kupita kwenye kauzi kembamba namna ile!

Hesabu inagoma kabisa. Ukitaka kutuma kila askari yuko wapi, anaelekea wapi, amebakiwa na uhai kiasi gani, laini inajaa vita havijaanza. Basi wao hawakutuma askari, walituma amri tu: hawa waende pale, yule akate mti. Kila kompyuta ilibaki na dunia yake nzima, ikaikokotoa yenyewe, na amri ikatekelezwa kwa wote katika zamu ileile, zamu mbili baada ya mchezaji kubofya.

Zamu moja kwa kawaida ilikuwa milisekunde 200. Na waligundua kitu: mchezaji huzoea kuchelewa, mradi kuchelewa kwenyewe kuwe kulekule kila mara. Kinachomvuruga ni mara chapu, mara kimya.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu. Gemu hili tulilicheza wote kwenye intaneti kafe moja hapa Dar, mashine zimepeana mgongo, yeye akinizomea kwa juu. Sasa yuko Muscat, mwaka wa tisa huu, na mimi ndiye niliyebaki na mama. Nikisoma meseji zetu naona amri tupu. Mpeleke kliniki. Nimetuma hela, angalia. Fundi aje Jumamosi. Hali yenyewe hatutumiani, ni nzito mno kwa simu. Kila mmoja anamkokotoa mama yake kwa amri zilezile.

Ubaya wa mbinu hii wameueleza kwa mfano ambao ningetamani kuuandika mimi. Ramani inapotengenezwa, kulungu mmoja anakaa kando kidogo tu kwenye mashine moja. Hakuna anayeona. Kulungu anakula majani tofauti kidogo, na dakika kadhaa baadaye mwindaji anarusha mkuki: huku anapata, kule anakosa na kurudi nyumbani bila nyama. Tangu hapo ni dunia mbili, na kila mchezaji anaapa kuwa yake ndiyo yenyewe. Ndiyo maana mashine zilikuwa zikilinganisha hesabu za dunia zao, na zikitofautiana, gemu linasimamishwa.

Sisi hatujawahi kulinganisha. Mama wa Muscat bado anakaanga vitumbua alfajiri na kugombana na wapangaji. Huyu wa kwangu nimemfichia kiberiti tangu mwezi wa tatu. Sikumwambia mdogo wangu. Nilimwandikia tu, “Nunua jiko la umeme,” akanunua, hakuuliza.

Juzi akapiga. “Dada, mpe mama simu.”

Nikampa. Mama akamsikiliza, akatabasamu, kisha akamuuliza kama leo wamewahi kutoka shule, na kama ile daftari amekusanya.

Kimya. Nikachungulia skrini nikidhani mtandao umekata. Vijiti vyote vinne vilikuwepo.