Nilipotua Mzigo Kati ya Kibo na Mawenzi

Kilimanjaro nimeupanda miaka mingi nikiwa mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi, na kwa mgumu mlima ni vitu viwili: uzito na saa. Unatoka kambi ya Horombo, mita 3,720, unaikabili kambi ya Kibo, mita 4,720, na lazima uwatangulie wageni ili wakute maji ya moto. Macho hayaachi visigino vya aliye mbele. Ungeniuliza kuna nini kwenye uwanda ule mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, ningekujibu vumbi na upepo.

Aliyenigeuza ni mgeni mmoja, mtaalamu wa mimea, tuliyemwita Mama. Kileleni hakuwa na haja nako, jambo lililotushangaza sote: mtu alipe hela zote zile aishie njiani! Siku hiyo alilala kifudifudi kwenye changarawe na kioo chake cha kukuzia, akaniambia, "Tua mzigo, njoo uone." Kilikuwa kimmea cha kimo cha kidole, majani ya rangi ya fedha, yenye manyoya laini kama sikio la mwanambuzi, na maua meupe makavu yanayochakarika ukiyagusa. Jina lake Helichrysum newii, kwa heshima ya Charles New, mmisionari aliyeifikia theluji ya Kibo mwaka 1871. (Sidhani kama mizigo yake aliibeba mwenyewe.)

Mama akanionyesha kwa nini kimmea hicho kimejibana ubavuni mwa jiwe. Kule juu, usiku unyevu ulio ardhini huganda ukawa sindano za barafu zinazouinua udongo. Jua likitoka zinayeyuka, udongo unashuka. Miche inang'olewa mizizi hivyo hivyo, usiku baada ya usiku. Penye jiwe udongo hutulia. Yale manyoya nayo hulikinga jani na jua kali na ukavu. Ua hilihili limewahi kukutwa juu ya mita 5,500, ndani ya kreta ya Kibo, karibu na matundu yanayotoa mvuke, ambako ardhi ina joto kidogo.

Leo mimi ni mwongoza wageni. Wengi huniuliza habari za barafu, nami nawaeleza: tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kisha nawachuchumaisha kwenye changarawe. Wenzangu wananiita Bwana Maua na kulalamika kwamba nachelewesha msafara. Wana haki, maana mgeni amelipia kilele. Lakini tangu nione ule moto wa Oktoba 2020 ulivyoteketeza vichaka vya chini ya Horombo, najua mmea wa mlimani unavyopotea upesi, na sikubali tena njia za mkato. Buti moja likigeuza jiwe, mmea umekwisha. Wapo wanaonuna nikiwainua kutoka kwenye jiwe walilokalia kupumzika. Nawatafutia jingine, tunaendelea.