Pikipiki ya Mzee wa Ngong

Ikiwa umewahi kupanda matatu nambari 111 asubuhi na mapema kwenda Ngong, waijua baridi ya huko. Ukishapita Karen na kukaribia Bulbul, abiria huanza kufunga makoti. Baridi hiyo ndiyo iliyonifaa siku nilipokwenda kutazama pikipiki ya kununua.

Haikuwa ya bodaboda, la hasha! Ilikuwa Yamaha Virago ya cc 535, kiti cha chini na usukani mpana, ya kwendea taratibu barabara ndefu kama ile inayoteremka kutoka Kona Baridi hadi Magadi.

"Sijaitumia sana, kijana," mzee mwenyewe akaniambia huku akifunua turubai. Kilomita zilikuwa chache kweli.

Lakini neno hilo lisikulevye. Pikipiki isiyotembea imekuwa ikilala, na kulala huiharibu pia. Petroli huchacha ndani ya kabureta, betri hufa, tangi hushika kutu. Iguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta na joto, huenda mwenyewe amekutangulia ili usijue inavyosumbua kuwaka. Hii ilikuwa baridi kabisa, ikawaka kwa jaribio la tatu.

Kisha tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi za mzee meno hayakuwa yamelika, lakini mpira ulijaa nyufa. Nikaomba apunguze bei. Akakubali upesi, upesi ulionitia shaka.

"Na logibuku, mzee?"

Akaingia ndani, akakawia. Mkewe akaniletea chai. Logibuku ilipokuja, jina lililokuwamo halikuwa lake! Aliinunua kwa mtu mwingine na hakuwahi kubadilisha umiliki. Siku hizi mwenye jina ndiye huanzisha mabadiliko hayo kwenye akaunti yake ya eCitizen. Asipopatikana, wewe utalipa pesa zote na pikipiki itabaki ya mwingine, hata polisi wakikusimamisha njiani.

Nilimwona mzee ni mtu mwema. Lakini ile ilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu, nami nilikuwa nayo yote mfukoni (kosa hilo usilifanye). Nikamwomba amtafute mwenye jina kwanza, ndipo anipigie simu.

"Nitajaribu," akasema, akaifunika tena turubai.

Nikarudi kituoni kungojea 111, na nakiri niligeuka kuitazama mara mbili.